Namna ya kuwaanikia vijana maisha ya mwanasoka wa zamani

Kila Jumamosi mazoezi yakiisha, nafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka mlingoti mmoja wa goli hadi wa pili. Watoto wangu wa chini ya miaka 15, wavulana kwa wasichana, wanaketi vumbini, kila mmoja na andazi lake. Kisha tunaanika maisha ya mchezaji mmoja wa zamani, kadi baada ya kadi, mpaka jua la saa sita litufukuze. Kiwanja chetu kiko Kaloleni, Nairobi, hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo.

Makocha wa mitaa mingine wamekuwa wakiniuliza ninavyofanya, nami nimekuwa nikiwajibu kwa simu vipande vipande. Leo nayaweka yote pamoja. Nitatumia mfano wa mchezaji niliyemsimulia mara nyingi kuliko wengine wote, Walter Tull wa Uingereza.

Kwanza, kuchagua mtu. Ukitaka wachezaji wakubwa wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, hutakosa. Kuna Steve Bloomer, aliyeifungia England mabao 28 katika mechi 23. Kuna Alf Common, ambaye mwaka 1905 alitoka Sunderland kwenda Middlesbrough kwa pauni 1,000, ada ambayo hakuna kilabu iliyokuwa imewahi kuilipa. Nimewajaribu wote wawili. Watoto walisikiliza, wakapiga makofi, wiki iliyofuata wakawa wamesahau. Tull alicheza mechi 10 tu za ligi na Tottenham Hotspur, yaani Spurs, na kufunga mabao 2. Ukipitia orodha za wafungaji humwoni. Lakini nina watoto 31 katika timu hii, nami najua kuwa hata yule mwenye kipaji kuliko wote huenda akafika ligi kuu na kucheza mechi 10 tu. Nataka akifika hapo awe tayari anamjua mtu aliyepita njia hiyo.

Kwa hiyo chagua mtu ambaye safari yake ina mahali ilipokatika. Hapo ndipo watoto huanza kuuliza maswali.

Vifaa ni vichache: manila mbili, kalamu ya felti nyeusi, kamba, vibanio 30, na vifuniko vya soda 121. Manila unazikata vipande vya ukubwa wa daftari. Vifuniko usinunue, muombe mwenye kioski akuwekee wiki mbili kabla, kisha uvioshe kwa sabuni na maji ya moto, la sivyo nyuki watawafukuza watoto kabla hujafika katikati. Kwa nini 121, utaona.

Kila kadi iwe na mwaka juu kwa tarakimu kubwa, mahali chini yake, na sentensi moja. Sentensi aiandike mtoto mwenyewe, na iseme mtu alifanya nini au alifanyiwa nini. Wakiandika "Alikuwa mchezaji hodari", warudishie. Hodari kwa lipi? Wapi? Nani alimwona?

Nyenzo tafuta mapema, katikati ya wiki. Sisi tuna bahati, maktaba ya mtaa ya Kaloleni iko karibu, na ile kubwa ya McMillan iko mjini, Banda Street. Mengine yako kwenye intaneti, nami huenda saiba nikachapisha kurasa chache pamoja na picha moja ya Tull akiwa na jezi ya Spurs.

Picha hiyo ianike mwanzoni kabisa. Kuna kocha aliyenishauri niifiche hadi mwishoni, watoto wamdhanie Mzungu, kisha nifunue washtuke. Sikupenda. Tull hakuwa kitendawili. Alikuwa mtoto wa fundi seremala aliyetoka Barbados, Daniel Tull, na wa mama Mwingereza wa Kent, Alice Palmer. Babu yake upande wa baba alikuwa mtumwa. Alizaliwa Folkestone tarehe 28 Aprili 1888. Watoto wayajue hayo tangu kadi ya kwanza, wasafiri naye wakimjua sura.

Kadi ya pili ni 1895, mama anafariki. Ya tatu ni 1897, baba naye anafariki, na mama wa kambo hawezi kuwalea wote. Walter na kaka yake Edward wanapelekwa kwenye makao ya watoto yatima ya Wamethodisti, Bethnal Green, London. Baadaye familia moja ya Glasgow inamchukua Edward, ambaye alikua akawa daktari wa meno. Walter anabaki makaoni na kujifunza kazi ya uchapaji.

Hapa enda polepole. Katika timu yangu kuna wanaolelewa na nyanya zao, na kuna waliotenganishwa na ndugu zao, mmoja akabaki Nairobi na mwingine akapelekwa mashambani. Mwaka juzi mvulana mmoja aliomba kadi ya 1897. Nilipomwita aje kuianika hakuinuka. Aliiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili mpaka kipindi kikaisha. Sikumwambia kitu. Tukaruka, kamba ikabaki na nafasi pale, na wiki iliyofuata akaja nayo mwenyewe akaibana.

Baada ya hapo soka inaanza, na inaanza kwa furaha. Msimu wa 1908-09 Tull aliichezea Clapton, timu ya ridhaa ya mashariki mwa London, na msimu huohuo Clapton ikatwaa Kombe la FA la Ridhaa. Spurs wakamwona. Wakamchukua kwenye ziara ya Argentina na Uruguay mwaka 1909, kisha wakamsajili kama mchezaji wa kulipwa. Mwache mtoto aliyeshika kadi hii aonyeshe kwa kidole kwenye ramani jinsi meli ilivyovuka bahari. Wangu hupenda hapo kuliko popote.

Kabla ya kuendelea, wainue wacheze. Ukiwaambia tu kwamba mchezo ulikuwa tofauti hawataamini. Wape dakika 10 kwa sheria za 1909. Wapange mabeki 2, viungo 3 na washambuliaji 5 kwa safu moja. Mruhusu kipa kudaka mpira kwa mikono popote katika nusu yake ya uwanja, kwa sababu hadi 1912 ndivyo sheria ilivyokuwa. Kwenye kuotea, mshambuliaji anapopigiwa pasi lazima awe na wapinzani 3 kati yake na mstari wa goli, na sheria hiyo ilidumu hadi 1925 walipofanya 2. Sabu hakuna. Anayeumia atachechemea au atatoka, timu ibaki pungufu. Ligi ya Uingereza ilikuja kuruhusu sabu mwaka 1965. Mpira nao ulikuwa wa ngozi, uliofungwa kwa kamba kama kiatu, na ukilowa maji ulizidi uzito. Mimi nina mpira mmoja mkuukuu uliokwisha rangi, naulowesha kwenye ndoo tangu asubuhi. Mtoto akiupiga kichwa mara moja, haulizi tena kwa nini mabao yalikuwa magumu.

Wakikaa tena, hao hao waliocheza mbele watakuelewa ukisema Tull alikuwa mshambuliaji wa ndani, yule anayecheza kati ya winga na namba tisa, anayepokea mpira katikati ya msongamano.

Sasa pesa, na hapa makocha wengi huteleza. Spurs walimpa Tull pauni 10 za kusaini na mshahara wa pauni 4 kwa wiki. Usijaribu kuzigeuza kuwa shilingi za leo. Utapata tarakimu ya ajabu isiyomwambia mtoto chochote. Mwambie hivi. Tangu 1901 hakuna mchezaji wa ligi ya Uingereza aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki kama mshahara wa kawaida, hata angefunga mabao 40. Fundi stadi wa wakati huo alipata kama nusu ya hizo, kwa hiyo mchezaji hakuwa maskini. Lakini kilabu ndiyo iliyoshika usajili wake. Mkataba ukiisha, kilabu ingeweza kukataa kumwachilia, na bila ruhusa yake hakwenda kilabu nyingine ya ligi. Wachezaji waliupinga mfumo huu kwa miaka mingi. Kikomo cha mshahara kiliondolewa 1961, na mahakama ikaujeruhi mfumo wa usajili mwaka 1963 katika kesi ya mchezaji George Eastham.

Eleza hili la usajili mpaka liingie. Mimi hutumia kitambulisho. Nachukua kadi ya mazoezi ya mtoto mmoja, naitia mfukoni, namwambia: "Cheza utakavyo, lakini hii inakaa kwangu." Wanaelewa mara moja, na wanakasirika.

Ndipo tunafika Septemba 1909. Spurs wamepanda daraja la kwanza msimu huo. Tull anaanza ugenini dhidi ya Sunderland, kisha anacheza nyumbani dhidi ya Manchester United, ambao ndio walioshika Kombe la FA. Oktoba wanakwenda Bristol City. Sehemu ya mashabiki wa Bristol wanamtukana kwa rangi yake mechi nzima. Mwandishi wa gazeti aliyekuwapo aliona haya kwa niaba yao. Aliandika kwamba Tull ndiye aliyekuwa mshambuliaji bora uwanjani siku hiyo, na kwamba kwa usafi wa uchezaji na wa moyo alikuwa mfano kwa Wazungu wote wanaocheza kandanda.

Watoto watauliza, "Kochi, walimwitaje?" Mimi siyatamki. Nawauliza wao kama wamewahi kuitwa kitu uwanjani ambacho hawawezi kukirudia mbele ya mama zao. Mikono hupanda. Kwetu si rangi, kwetu ni kabila, na wanalijua hilo kabla hawajajua sheria ya kuotea. Kwa hiyo hapo nasimamisha hadithi na kukumbusha sheria ya timu yetu: anayetukana mtu kwa kabila lake anatoka, hata kama tunaongoza na hata kama ndiye mfungaji wetu. Nimekwisha kuitumia sheria hiyo fainalini, tukapoteza kombe, na nitaitumia tena.

Halafu kimya. Msimu wa kwanza Tull alicheza mechi 7 za ligi, akashushwa timu ya akiba. Msimu wa pili alipata 3. Hapo hakuna kadi. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwako wewe msimulizi, kwa sababu utatamani kuijaza. Usiijaze. Acha kamba iwe tupu kiasi cha hatua mbili, watoto waitazame. Waulize wanavyodhani. Wengine husema kilabu iliogopa makelele ya mashabiki, wengine husema labda alishuka kiwango. Waache wabishane, lakini wasiandike kadi. Wanachokijua kwa hakika ni matusi ya Oktoba, mechi 7, timu ya akiba, na usajili ulioko mfukoni mwa mtu mwingine.

Sasa lete vifuniko. Chukua karai la bati au sufuria kuukuu. Mtoto mmoja adondoshe kifuniko kimoja kimoja kwa kila mechi ya Tottenham, wengine wahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu... kumi. Kimya. Watatazamana. Kisha anika kadi ya Oktoba 1911, Northampton Town. Kocha ni Herbert Chapman, huyohuyo ambaye baadaye aliipa Huddersfield na Arsenal ubingwa (mashabiki wa Arsenal watapiga kelele, wape muda wao). Northampton walicheza Southern League, ngazi ya chini ya ile aliyotoka, na huko Tull akahamia safu ya viungo. Mpe mtoto mfuko uliobaki aanze kudondosha. Kumi zinapita. Ishirini. Hamsini. Karai linanguruma, wadogo wanaanza kucheka, wakifika mia wote wamesimama. Vinaishia 111.

Nimefanya hivi mara tano na kila mara sauti ile ya bati imefanya kazi ambayo maneno yangu hayakuweza. Ndiyo maana nasisitiza vifuniko 121, pungufu hata kimoja usianze.

Jambo la kuhakiki nililijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nilipomsimulia Tull niliwaambia watoto kwamba alipokuwa askari vitani alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Military Cross. Nilikuwa nimeisoma mahali pamoja, ikanifurahisha, nikaibeba. Jumamosi iliyofuata msichana wetu wa winga ya kulia, wa miaka 12, alikuja na simu ya mama yake. "Kochi, hakupewa." Alikuwa ameketi jioni nzima akisoma. Alikuwa sahihi. Tull alisifiwa kwa ushujaa na jenerali wake, lakini nishani hiyo hakuvikwa. Niliomba radhi mbele ya timu nzima, tukaitoa kadi, na tangu siku hiyo tuna utaratibu. Kila kadi inawekwa nukta kwa kila chanzo kilichosema jambo hilo bila kunakili kutoka kwa kingine. Kadi ya nukta moja inaanikwa kifudifudi, maandishi yatazame goli, mpaka ipate ya pili.

Utaratibu huo umetuokoa mara nyingi. Utasoma kwamba Tull ndiye Mwafrika au mtu mweusi wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Uingereza. Siye. Arthur Wharton, kipa aliyezaliwa Accra mwaka 1865, alimtangulia kwa miaka mingi. Utasoma pia kwamba alikuwa afisa mweusi wa kwanza wa jeshi la Uingereza, na kumbe George Bemand, aliyezaliwa Jamaica, alipata uafisa 1915. Watoto wengine huvunjika moyo wakiyasikia hayo. Wanataka awe wa kwanza. Mimi nawauliza kama zile 111 zimepungua. Hazijapungua.

Kadi za Vita vya Kwanza vya Dunia ni chache, zisome bila mbwembwe. Desemba 1914 Tull alijiunga na kikosi cha wanasoka, Batalioni ya 17 ya Middlesex. Sheria za jeshi za wakati huo hazikumtaka mtu wa rangi yake awe na mamlaka ya afisa juu ya askari. Hata hivyo, Mei 1917 alifanywa luteni wa pili. Alipelekwa Italia, kwenye Mto Piave, akawaongoza watu 26 kuvuka usiku na kuwarudisha wote salama. Hapo ndipo Jenerali Lawford alipomsifu. Tarehe 25 Machi 1918 alipigwa risasi karibu na Favreuil, Ufaransa. Alikuwa na miaka 29. Askari wake mmoja, Tom Billingham, aliyekuwa kipa wa Leicester Fosse, alijaribu kumvuta amrudishe, akashindwa. Mwili haukupatikana. Jina lake limechongwa kwenye ukumbusho wa Arras.

Kadi ya mwisho si ya 1918. Ni ya 1999, Northampton walipozindua ukumbusho wake nje ya uwanja wao wa Sixfields. Kati ya kadi hizo mbili acha tena nafasi, ndefu kuliko ile ya kwanza: miaka 81.

Ukiwa Nairobi usiishie uwanjani. Hadithi hii ukiwasimulia watoto wa Eastlands, mmoja atauliza kama sisi tulikuwa wapi wakati wa vita hivyo, na jibu liko umbali wa kutembea. Panda nao matatu au mshuke kwa miguu hadi Kariokor, uwaambie jina hilo limetoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyohivyo, waliobebeshwa risasi na chakula kuelekea Tanganyika na kufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Halafu endeleeni hadi Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu tatu za shaba. Mojawapo ni ya mpagazi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyasoma mwenyewe. Waambie watafute jina la mtu pale. Watazunguka pande zote, hawatalipata.

Mwaka jana tulipofika hapo, yule msichana wa winga alitoa mkobani kadi tupu ya manila na kalamu. Alikuwa amemuuliza nyanya yake. Babu wa nyanya alikwenda na wapagazi kutoka Machakos na hakurudi, na jina lake nyumbani wanalijua. Akaliandika kwa herufi kubwa, akaweka nukta moja. "Nukta ya pili nitaitafuta Desemba tukienda nyumbani," akaniambia.

Tuliporudi kiwanjani aliianika mwishoni mwa kamba, kifudifudi kama sheria yetu inavyotaka. Kadi za Tull nilizitoa jioni hiyo. Ile moja bado naitunza na kibanio chake ndani ya karai la vifuniko.